Uhandisi peke yake, au uhandisi na sayansi kwa mpigo? Ulinganisho kwa anayechagua chuo Australia

Agosti 2025 nilikaa mezani kwa mama mmoja wa Uvira, hapa Brisbane. Chai ya tangawizi, maandazi, na binti yake wa mwaka wa 12 ameshika simu, fomu ya maombi ya chuo iko wazi. Mistari miwili ilikuwa imemkwamisha tangu Jumatatu. Wa kwanza uhandisi, miaka minne. Wa pili uhandisi pamoja na sayansi, miaka mitano. "Kaka, niweke ipi juu?" Mama yake akadakia kabla sijameza chai: "Baba, huo mwaka wa tano unamwongezea nini mtoto?"

Swali la mama ndilo lenyewe. Nimeulizwa na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotaka kuja huku kwa viza ya mwanafunzi, na nimeulizwa na watoto wa Kikongo na Kirundi waliokulia hapa hapa. Jibu halifanani kwa wote, maana gharama zao hazifanani. Mimi nilisoma zote mbili kwa mpigo, uhandisi wa metali na fizikia, kwa hiyo utamu wake naujua na pale panapouma napajua pia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili ujue ninakoelekea. Kama unajilipia ada kama mwanafunzi wa kimataifa, na hakuna sayansi inayokukosesha usingizi, soma uhandisi miaka minne umalize. Kama una haki ya mkopo wa serikali ya Australia, na kuna sayansi ambayo ungeisoma hata kama isingekuwa na ajira, chukua mbili kwa mpigo wala usisite. Walio katikati ya hawa wawili ndio wenye kazi ya kupiga hesabu, na hao ndio ninaowaandikia zaidi.

Unanunua nini hasa

Digrii ya uhandisi Australia ni miaka minne, na jina lake hubeba neno Honours kwa sababu mwaka wa mwisho una mradi wa utafiti na tasnifu. Si ile shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi; hii ni ya kusomea. Digrii ya sayansi ya kawaida ni miaka mitatu. Juu yake kuna ile inayoitwa Advanced Science, sayansi ya juu: masomo ni yale yale ila kwa toleo gumu zaidi, mwanafunzi anaingizwa kwenye maabara za watafiti mapema, na alama za kuingilia ziko juu. Vyuo vingine vinadai ulinde wastani fulani kila mwaka, ukishuka unahamishiwa sayansi ya kawaida. Soma kanuni za chuo chako kuhusu hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa hesabu. Iwe chuo kinahesabu yuniti (vipimo vya uzito wa masomo) 48 kwa mwaka kama Sydney, UNSW (Chuo Kikuu cha New South Wales) na Monash, au 16 kama Queensland, mwaka mzima ni masomo manane. Uhandisi wa miaka minne ni masomo 32. Sayansi ya miaka mitatu ni 24. Ukivijumlisha unapata 56, lakini digrii ya pamoja ya miaka mitano ina masomo 40 tu. Masomo 16 yamekwenda wapi?

Sehemu yake yamehesabiwa mara mbili. Hisabati na fizikia ya mwaka wa kwanza mhandisi angesoma tu, kwa hiyo sayansi nayo inayatambua. Sehemu iliyobaki ni masomo ya hiari, yamefutwa. Hapa ndipo vijana wengi hawatazami. Anayesoma uhandisi peke yake huwa na nafasi ya kuchukua uchumi, lugha au uchoraji. Anayesoma mbili kwa mpigo karibu kila nafasi imeshajazwa na chuo. Kama wewe ni mtu wa kupenda kuonja huku na huku, jua kwamba hapa hakuna kuonja.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo, sayansi utakayoioanisha na uhandisi wako ina uzito kuliko jina la chuo. Uhandisi wa umeme na fizikia au hisabati, hiyo ndoa inakaa. Uhandisi wa kemikali na kemia, inakaa. Uhandisi wa mitambo na hisabati, inakaa. Uhandisi wa tiba na fiziolojia, vizuri sana. Lakini ujenzi pamoja na biolojia ya viumbe, masomo yanayopishana ni machache, na utajikuta unabeba mizigo miwili kamili kwenye bega moja. Si kwamba haiwezekani, nimewaona waliofanya. Walichoka mapema kuliko sisi.

Kuna tego moja zaidi. Ikiwa hiyo sayansi ya juu ina mwaka wake wa Honours ndani, muda unaweza kuvuka miaka mitano. Usitazame jina la kozi tu. Tazama jumla ya yuniti uigawe kwa za mwaka mmoja.

Kipande kimoja cha chuma, maabara mbili

Mama aliniuliza kwa nini mtu asome vitu viwili vinavyofanana. Nikamweleza kuhusu chuma.

Mwaka wa pili, maabara ya uhandisi, tulipewa kipande cha chuma cha ujenzi kilichochongwa, unene wa kidole. Unakifunga kwenye mashine pande mbili, mashine inakivuta polepole. Kwenye skrini mstari unapanda umenyooka, unafika karibu megapaskali 250 (kipimo cha mkazo), kisha unainama: chuma kimekubali, hakirudi tena kama kilivyokuwa. Kinaendelea kurefuka, katikati kinakonda kama shingo, halafu mlio mmoja mkavu, kimekatika. Unaandika namba, unakokotoa nguzo yenye unene huu itabeba nini, unaongeza kiasi cha usalama. Ripoti imekwisha. Mhandisi amepata alichokitaka.

Muhula uliofuata, upande wa sayansi, nikapewa kipande kilichovunjika namna ile ile. Ukikitazama kwa jicho, upande mmoja una umbo la kikombe na mwingine una umbo la koni, katikati kijivu kimefifia. Tukakiweka kwenye hadubini ya elektroni, hewa ikanyonywa, tukakikuza zaidi ya mara elfu. Uso wote ulikuwa vishimo vishimo kama sega la nyuki. Chini ya baadhi ya vishimo kulikuwa na punje ndogo ya uchafu uliobaki wakati chuma kinayeyushwa, sulfidi ya manganizi. Kumbe kila kishimo kilikuwa tundu lililoanzia kwenye punje ile, likakua, likakutana na jirani yake, mpaka chuma kikaachia. Wiki tatu nzima tuliuliza swali moja: kwa nini kilianzia hapa na si pale?

Hizo ndizo digrii mbili. Moja inauliza kitabeba kiasi gani, nyingine inauliza kwa nini kilianzia pale. Mtu anayefurahia swali la kwanza tu asijilazimishe la pili. Wiki tatu za punje ya manganizi zitamwelemea, na hakuna aibu yoyote. Dunia inahitaji madaraja. Lakini anayesikia swali la pili akasahau chai yake inapoa, huyo ukimpa uhandisi peke yake atahisi amefungiwa mlango katikati ya maelezo.

Fedha: wasomaji watatu, hesabu tatu

Nianze na familia zilizokuja kwa mpango wa wakimbizi, na wengi wa Waswahili wa huku wamo humo. Mwenye viza ya kudumu ya kibinadamu, kama ile ya daraja la 200 au 202, anapata nafasi ya chuo inayochangiwa na serikali na tena ana haki ya mkopo wa HELP, ule mkopo wa serikali niliotaja, sawa na raia. Mwaka 2025 mchango wa mwanafunzi kwa mwaka mzima wa masomo ya uhandisi au sayansi ulikuwa dola 9,314 za Australia. Masomo ya hisabati yalikuwa karibu nusu ya hiyo, dola 4,627. Kwa huyu, mwaka wa tano unaongeza deni la takribani dola 9,000. Deni hilo halina riba ya benki ila hupandishwa kila mwaka kufuata kupanda kwa bei au kwa mishahara, kinachokuwa kidogo kati ya hivyo viwili. Huanzi kulilipa mpaka kipato chako kipite kiwango fulani; kwa mwaka wa fedha 2025–26 kilikuwa dola 67,000 kwa mwaka. Si bure, lakini si mlima.

Mpaka mmoja wa kukumbuka: tangu 2022 kila mtu ana haki ya jumla ya miaka saba ya masomo yanayochangiwa. Ukitumia mitano, imebaki miwili. Ikiwa unafikiria kubadilisha njia baadaye, mathalani udaktari, hesabu hiyo ifanye leo.

Msomaji wa pili hukaa nyumba ya jirani na wa kwanza, na mara nyingi hajui kwamba yuko kwenye kundi jingine. Ni yule aliyeletwa kwa viza ya kudumu ya familia au ya ujuzi. Huyu naye anapata nafasi inayochangiwa, lakini kwa kawaida hana mkopo wa HELP mpaka awe raia. Mchango anaulipa mkononi kila muhula. Kijana mmoja ninayemfahamu aligundua hili wiki ya kwanza ya masomo, bili mkononi, wazazi hawana hata nusu yake. Kwa familia ya namna hii naomba hivi: kama mmeshatimiza miaka minne ya kukaa kihalali, na mwaka mmoja wa mwisho mkiwa wakazi wa kudumu, pelekeni maombi ya uraia kabla ya kupeleka maombi ya chuo.

Msomaji wa tatu ni wewe unayesoma haya ukiwa Mbeya, Kisumu au Bujumbura. Kwenye vyuo vikubwa vya Sydney na Melbourne ada ya uhandisi kwa mwanafunzi wa kimataifa imeshapita dola 50,000 za Australia kwa mwaka. Serikali yenyewe inataka uonyeshe dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka, kiwango kilichoanza Mei 2024. Jumlisha: mwaka wa tano kwako ni kama dola 80,000, na hapo hujahesabu mshahara ambao ungekuwa umeuanza. Vijana huniambia watafanya kazi. Viza inaruhusu saa 48 kila wiki mbili wakati wa masomo. Kwa kima cha chini cha dola 24.95 kwa saa, kilichoanza Julai 2025, hizo ni karibu dola 1,200 kabla ya kodi. Zinalipa chumba, mchele na usafiri. Ada hazigusi.

Na wakala wa elimu aliye mtaani kwenu, hata akiwa mtu mwema, kwa kawaida analipwa kamisheni na chuo. Msikilize, kisha piga hesabu yako mwenyewe.

Kwa msomaji huyu wa tatu kuna njia nyingine ambayo naipa uzito: soma uhandisi nyumbani, fanya kazi miaka kadhaa, halafu tafuta ufadhili wa shahada ya uzamili. Ufadhili wa Australia Awards kwa Waafrika kwa miaka mingi umelenga uzamili na kozi fupi, si digrii ya kwanza, na una sharti la kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Sayansi uliyoikosa kwenye digrii ya kwanza unaweza kuipata hapo, na huenda kwa fedha ya mtu mwingine.

Njia ya Melbourne

Chuo Kikuu cha Melbourne kina utaratibu wake tangu 2008. Hakuna uhandisi wa miaka minne. Unasoma sayansi miaka mitatu ukiwa umeelekea uhandisi, kisha uzamili wa uhandisi miaka miwili. Miaka ni mitano, sawa na ile ya mbili kwa mpigo, na unatoka na digrii ya kwanza na uzamili.

Uzuri wake ni kwamba haumlazimishi kijana wa miaka 18 kuamua. Anaanza sayansi, akiona uhandisi haumfai anatoka na digrii yake ya miaka mitatu akaende kwingine. Ubaya wake ni kwamba kinachotambuliwa kitaaluma ni ule uzamili. Ukiishia mwaka wa tatu, fedha zimekwisha au nyumbani kuna msiba mzito, wewe si mhandisi bado. Kwenye ile ya mbili kwa mpigo, sehemu nyingi unaweza kuiacha sayansi njiani ukamaliza uhandisi wako kwa miaka minne au na ushee. Kwa mtu ambaye hana uhakika wa fedha za miaka yote mitano, tofauti hii ni kubwa.

Kutambuliwa, na kurudi nyumbani

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu jibu ni fupi. Anayethibitisha digrii za uhandisi huku ni Engineers Australia, chama cha wahandisi, mmoja wa waliotia saini mwaka 1989 Makubaliano ya Washington, ya nchi kutambuliana digrii za uhandisi. Nusu ya uhandisi ndiyo inayotazamwa. Sayansi haikupunguzii wala haikuongezei chochote kwenye usajili. Ukirudi Tanzania, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itatathmini digrii ya nje na bodi ya wahandisi, ERB, ndiyo inayosajili. Kenya ni bodi ya wahandisi ya huko, EBK. Hakuna atakayekupandisha daraja kwa sababu ulisoma na fizikia. Thibitisha tu kwamba tawi lako la uhandisi, kwa jina lake kamili, limo kwenye orodha ya waliothibitishwa, maana matawi mapya wakati mwingine huanza kufundishwa kabla hayajathibitishwa.

Vivyo hivyo kwa ile hoja ya PhD. Wengi huchagua sayansi ya juu wakidhani bila hiyo mlango wa utafiti umefungwa. Sivyo. Uhandisi wenye Honours ya daraja la kwanza unatosha kuombea PhD moja kwa moja, bila uzamili, na kushindania ufadhili wa serikali wa RTP unaowapokea hata wanafunzi wa kimataifa. Sayansi ya juu inakuwa na kazi pale unapotaka PhD ya fizikia, kemia au hisabati yenyewe, au utafiti ulio mpakani, kama betri, nusu-kipitishi (semiconductor, zinazotengenezewa chipu za kompyuta) na vifaa vya tiba. Huko aliyesoma pande zote mbili anaanza mbele ya wenzake, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Panapouma

Ratiba. Vitivo viwili havikuandaa ratiba vikiwa vimekaa meza moja. Mwaka wa tatu maabara yangu ya fizikia na somo la uhandisi la joto na nishati vyote viliangukia Alhamisi asubuhi. Aliyenishauri kwenye usajili aliniambia somo la uhandisi litarudi muhula wa pili. Halikurudi. Lilikuwa la mara moja kwa mwaka, na masomo mawili ya mwaka wa nne yalikuwa yanalisubiri. Nilichelewa muhula mzima. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, muhula wa ziada unaweza kumaanisha cheti kipya cha uandikishaji, viza mpya na ada mpya.

Kwa hiyo, kabla ya kuthibitisha nafasi, chora masomo yote 40 kwenye karatasi moja kubwa. Kila somo lipigie mshale kutoka somo linalolitangulia. Andika linafundishwa muhula upi. Somo ambalo mishale mitatu inatoka kwake, hilo usilikose kwa gharama yoyote. Na ijue tarehe ya sensa ya kila muhula: ukiacha somo kabla ya siku hiyo hulidaiwi, ukiacha siku inayofuata unalidaiwa lote.

Mafunzo kwa vitendo nayo yasisahaulike. UNSW, kwa mfano, inadai siku 60 kiwandani au kwenye mradi kabla hujahitimu. Anayesoma mbili kwa mpigo huvutwa likizo moja kwenye maabara ya profesa na likizo hiyo hiyo kwenye kampuni. Mpe mwajiri likizo ya mwaka wa tatu, maabara ya profesa ipe ya mwaka wa pili. Kampuni nyingi huwataka wale waliobakiza mwaka mmoja au miwili.

Fomu ya binti wa Uvira

Nilimwomba binti afungue masomo ya sayansi ya mwaka wa tatu, yale ya fizikia, asome maelezo ya moja moja, na aweke alama kwenye yale ambayo angeyasoma hata bila cheti. Mwaka wa tatu, kwa sababu mwaka wa kwanza kila kozi inavutia. Alisoma kimya. Akaweka alama kwenye manne, akarudi akafuta moja, kisha akatuliza macho kwenye somo la fizikia ya vitu yabisi na kuniuliza kama hapo ndipo wanapoeleza kwa nini kioo cha simu kinahisi kidole. Nikamwambia njia ya kulielewa hilo inaanzia hapo.

Viza yao ni ya kibinadamu, kwa hiyo mkopo upo. Hisabati yake ni nzuri, na shuleni amechukua ile ngumu wanayoiita Specialist. Tukaweka uhandisi wa umeme na sayansi kwa mpigo juu, uhandisi peke yake chini yake. Mfumo wa maombi humpa mtu chaguo la juu kabisa analolifikia, kwa hiyo kuweka la mitano juu hakumnyang'anyi la minne.

Mama akataka kujua mahafali ni mwaka gani. Akianza 2026, tukamwambia, masomo yanaisha mwishoni mwa 2030. Akahesabu kwa vidole, akauliza tena kama akishindwa njiani anaweza kuacha hiyo ya pili akabaki na uhandisi. Anaweza, mama, nikamjibu. Akamsukumia binti sahani ya maandazi, akamwambia bonyeza basi.